Mwanamke Aliyeingia Kwenye Picha za Sundus

Hatim alitoka kazini bandarini jua likielekea kuzama, akapitia sokoni Ashar, mjini Basra, kununua diski ya kuhifadhia picha. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa imeanza kugonga kwa ndani kila umeme ulipokatika na jenereta ya mtaa kushika zamu. Tik... tik... tik... Na ndani ya kompyuta hiyo ndimo alimobakia mkewe.

Sundus alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu uliopita. Figo zilimshinda. Alimwacha binti wa miaka miwili, Rafif, ambaye hakukumbuka hata sauti ya mama yake. Kwa hiyo kila baada ya magharibi Hatim alimpakata mtoto, akafungua picha, akamuuliza, "Huyu nani?" Mtoto akanyoosha kidole. "Mama." Picha mia sita na ushee, na video chache. Rafif hakuwa na mama mwingine zaidi ya huyo.

Naji, mwenye duka, alisoma naye shule moja. Alimweleza bila kumficha kwamba joto la Basra linaua diski, umeme wa Basra unaua diski, na wenye nazo huja kulia dukani kwake wakati hana la kuwafanyia. Alimshauri anunue mbili, moja akae nayo na nyingine ikakae nyumba ya mtu mwingine kabisa. Hatim alizipigia hesabu diski mbili mpya, akaona mshahara haufiki. Ndipo jicho lake likaangukia rafu ya chini, kwenye sanduku jeusi lililotumika, lenye diski mbili ndani yake.

Naji alisita.

"Hilo ni la mtumba," alisema. "Na usijidanganye, Baba Rafif. Diski mbili kwenye sanduku moja si nakala mbili. Litakaloipata hii, ile inaliiga papo hapo."

Hatim alisema litamtosha.

Njiani alisikia lile sanduku linanukia kafuri. Akadhani limekaa kabatini na nguo.

Alihamisha kila kitu jioni ileile. Siku ya tatu kompyuta ya zamani iligonga kwa mara ya mwisho, ikanyamaza. Hatim alimshukuru Mungu kwamba aliwahi. Akaazima kompyuta ya kazini, akaiunga na sanduku.

Jioni moja walikuwa wanatazama picha ya Idi, Sundus amesimama kando ya mto na gauni lake la kijani. Rafif alinyoosha kidole, lakini hakukielekeza kwake. Alikielekeza pembeni.

"Mama."

"Siye huyo. Mama huyu hapa."

"Na huyu," alisema Rafif.

Hatim akasogeza uso. Nyuma kabisa, penye ukuta wa mto, palikuwa na mwanamke wa makamo mwenye gauni la kahawia, utepe wa kupimia nguo umening'inia shingoni. Alikuwa anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Mpita njia, Hatim alijiambia. Lakini picha hiyo aliipiga mwenyewe, na alikumbuka walivyongoja watu wote wapite kwanza, kwa sababu Sundus alitaka mto mtupu nyuma yake.

Kesho yake mwanamke alikuwa kwenye picha ya jikoni. Siku iliyofuata, kwenye picha ya hospitali, siku aliyozaliwa Rafif. Na katika zile alizotangulia kuingia, alikuwa anasogea.

Jumapili alifika mgongoni kwa Sundus.

Jumanne mkono wake ulikuwa begani kwa Sundus.

Alhamisi...

Sundus hakuwemo.

Gauni la kijani lilikuwamo, na mto ulikuwamo. Juu ya gauni ulikuwa uso wa yule mwingine, umetulia, kama uliokuwa pale siku zote. Hatim aliichomoa diski ya pili kutoka kwenye sanduku, akaiunga peke yake. Ilikuwa imeiga. Picha kwa picha. Akafungua video ya Sundus akimbembeleza mtoto alale. Aliyekuwa akiimba alikuwa na sauti nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu ambaye siku nyingi hakuzungumza na mtu. Alikuwa anaimba vizuri. Hilo ndilo lililomtisha Hatim zaidi. Alikuwa anaimba kwa upendo.

Harufu ya kafuri ikajaa chumbani.

Asubuhi alikwenda kwa Naji. Naji hakucheka. Alimwambia sanduku lililetwa na wapwa wa mwanamke mmoja mshonaji wa Abul Khasib, aliyeishi peke yake na kufa peke yake, bila mtoto. Walikuwa wanauza nyumba, wakaomba sanduku lifutwe kabla ya kuuzwa.

"Na picha zake nyingine?" Hatim aliuliza.

"Walizichoma uani na mabaki ya vitambaa." Naji aliinamisha macho. "Mimi nilifuta tu. Sikutazama nilichokuwa nafuta."

Hatim alirudi nyumbani na nyundo aliyoinunua njiani. Aliketi mbele ya sanduku mpaka adhana ya alasiri, nyundo mapajani, na hakuweza kuinua mkono. Huenda Sundus bado alikuwa humo, chini ya yule. Huenda alikuwa anasikia.

Wijdan, dada yake Sundus, ndiye aliyempa tumaini. Alipopigiwa simu alisema anayo video moja, ya sekunde arobaini na moja, aliyotumiwa na Sundus wakati Rafif alipoanza kutembea. Iko kwenye flashi yake huko Zubair. Akasema atakuja nayo jioni.

"Usije nayo hapa," Hatim alinong'ona. "Nakusihi, shemeji. Isiingie nyumba hii."

Jumamosi alimchukua Rafif wakaenda Zubair. Safari hii alifanya alivyoambiwa mwanzoni. Alinunua flashi mpya tatu kwa pesa za kukopa, akanakili. Moja ikabaki kabatini kwa Wijdan, moja ya kaka yake Hatim aliyeko Nasiriya, moja ya Naji. Kisha wakamkalisha mtoto kati yao, wakafungua video.

Sundus alitokea. Amepiga magoti sakafuni, nywele zimemwangukia usoni, amekonda kidogo, amenyoosha mikono yote miwili. "Njoo, roho yangu. Njoo kwa mama. Usiogope, nakushika." Wijdan alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Hatim alilia waziwazi, bila kujificha.

Rafif alitazama mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtoto anayeoneshwa mgeni.

"Huyu nani?" Hatim alimuuliza.

Mtoto alifikiri.

"Simjui."

"Huyu ndiye mama, Rafif. Mtazame vizuri."

"Mama yuko nyumbani," alisema Rafif, akiwahurumia kidogo. "Amesema tusichelewe kurudi."

Hatim akairudisha video mwanzo. Sundus akapiga magoti tena, akanyoosha mikono, akaita. Mtoto alikuwa ameshateremka kutoka kitini, anatafuta viatu vyake.