Ukuta wa Chumba cha Nyati

Fundi aliinuka, akaketi, akainuka tena. Chai yake ikapoa.

"Baba watoto, umekalia siafu?" mkewe alimuuliza.

"Jumatatu wanaezeka, na ukuta bado!"

Mke alicheka. Hospitali ya wanyamapori aliyokuwa akiijenga mumewe ikifunguliwa, yeye ndiye angelisha wagonjwa. Alipangiwa chumba cha nyati.

Kazini, fundi alipanga bloku mbiombio. Zilikuwa na matundu katikati. Mchoro ulisema nondo zipite kwenye matundu hayo, kisha yajazwe zege. Fundi aliruka hilo. Nondo fupi zilizochomoza kwenye msingi alizifunika tu, hakuziunga. Miaka ishirini alijenga nyumba za watu, na hakuna iliyoanguka.

Daktari wa wanyama akaja, mama mfupi mwenye viatu vya mpira. Aligonga ukuta kwa nyundo. Ukalia kama debe tupu.

"Fundi, humu umeweka nini?"

"Hewa, daktari. Lakini nani atauvunja?"

"Mgonjwa wangu ana kilo mia saba. Dawa ya usingizi ikimwisha, hajui alipo. Anapiga kilicho mbele yake. Bloku tupu itapasuka. Nondo zikitoka kwenye msingi hadi juu, na zege likijaa, ukuta unakuwa kitu kimoja."

"Na ukipasuka, atatokea wapi?"

"Kwenye ujia wa mlishaji."

Mwiko ukamwanguka fundi. "Mlishaji ni mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na nyundo."

Fundi alibomoa mistari yote saba ya bloku.

"Mzee, umerogwa?" vibarua walimtania.

"Bomoeni! Maneno baadaye."

Aliunga nondo ndefu kwenye zile fupi, akazifunga kwa waya. Akapanga bloku upya, akamwaga zege kidogo kidogo, akilishindilia kwa fimbo ya chuma lisiache uwazi. Paa likachelewa wiki mbili. Msimamizi alifoka, fundi hakugeuka.

Nyati wa kwanza aliletwa na kidonda cha mtego mguuni. Siku hiyo fundi alisingizia kukagua rangi ya mlango. Alisimama kwenye ujia, kiganja ukutani, jasho likimtoka.

Nyati akazinduka. Puu! Vumbi likadondoka. Puu! Fundi alipapasa ukuta juu hadi chini. Hakuona hata ufa.

Mkewe alitokea na mzigo wa majani kichwani.

"Baba watoto, pisha njia. Mgonjwa ana njaa."