Viduara Vitatu

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghorofa, na fundi wa kompyuta alikuwa anakusanya bisibisi zake. Alikuwa na haraka. Binti yake wa miaka sita alikuwa anamsubiri kwa mshonaji, mlango wa pili, na akicheleweshwa hununa mpaka kitandani. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo tu: kufunga duka, kumshika mtoto mkono, kuvuka barabara, kufika nyumbani.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Akaingia mama mmoja mtu mzima, amejitanda shali nyeusi, amekumbatia laptopu kuukuu kifuani. Aliingia na harufu ya nywele zilizoungua. Fundi akadhani ni nyaya za laptopu.

"Shikamoo, mama. Ila tumeshafunga."

"Marahaba. Sitakuchelewesha. Kishale kinatangatanga chenyewe, na hii padi ya kugusia haisikii. Mwanangu alisema wewe utajua pa kugusa."

Fundi wetu huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: sifa. Ukimsifia, husahau hata njaa. Akavuta kiti, akaiwasha.

Kishale kikatokea katikati ya kioo. Kikatulia. Kisha, bila kuguswa na mtu, kikaanza kutambaa... polepole... mpaka pembeni. Hapo kikachora viduara vitatu vidogo, kikasimama.

Akaweka kidole kwenye padi. Kimya. Akafuta kidole kwenye shati, maana jasho huwa linaichanganya padi. Kimya. Akachomoa chaja, maana chaja mbovu huchezesha kishale. Akaizima, akaiwasha upya, akakagua kama padi imefungwa kwenye mipangilio. Haikufungwa. Alisugua mpaka ncha ya kidole ikapata moto, na kishale hakikumjali hata kidogo.

"Hebu nijaribu mimi," mama akasema.

Akagusa kwa kidole chake chenye makunyanzi. Kishale kikamfuata kulia, kushoto, juu, kwa adabu kabisa.

Fundi alikuwa na utani wake kwa wateja. Padi haihisi kalamu wala kijiti, alikuwa anawaambia, inahisi ngozi ya mtu aliye hai. Ikikukataa, nenda kapimwe! Wateja walikuwa wanacheka hadi machozi. Jioni hiyo padi ilikuwa imemkataa yeye.

Kishale kikarudi pembeni. Viduara vitatu.

Ndipo akakumbuka ni nani aliyekuwa na tabia ile.

Alikuwa anamwita Dada, ingawa hawakuwa ndugu. Ndiye aliyemfundisha kazi, kwenye chumba hiki hiki, meza hii hii ya dirishani. Kila alipopokea mashine, Dada alichora viduara vitatu kwenye padi kwa kidole cha kati. "Naiamsha," alikuwa anasema. Wateja walipanga foleni kwake, na fundi akabaki kushika tochi. Roho ikamuuma. Siku moja akafunga nywele ndani ya kitambaa chekundu, akakificha ndani ya mashine ya mteja, kisha akaifungua mbele ya watu akipiga kelele: "Njooni mwone anachotuwekea!" Mshonaji ndiye aliyemwita Dada mchawi kwanza. Kinyozi wa duka la jirani akaleta nyundo. Mikono ya Dada waliivunjia juu ya meza yake mwenyewe, na fundi akahamia dirishani kesho yake.

"Umeona nini?" mama akauliza.

"Itakuwa betri, mama. Ikivimba huisukuma padi kutoka chini."

Akaigeuza, akafungua parafujo, akatoa betri. Ilikuwa bapa, nzima kabisa. Lakini chini ya padi palikuwa na kitu kimebanwa.

Kitambaa chekundu. Kimefungwa kwa fundo lile lile alilolifunga yeye siku ile.

Betri iko mkononi. Chaja iko sakafuni. Na bado mwanga wa kioo ulikuwa unaonekana juu ya meza, ukicheza... ukicheza...

"Mwanangu aliishi miaka miwili na mikono isiyoshika kitu," mama akanong'ona. "Hakuweza kufunga hata kifungo. Nilimlisha kama kitoto kichanga mpaka mwezi uliopita, tulipomzika. Na muda wote huo alikuwa anazitazama nywele hizo tu. Nimekuja na swali moja, baba. Ni za nani?"

Fundi alijua ni za nani. Siku ile hakuwa na mtu wa kumwomba nywele, akachana zake mwenyewe, akachukua zilizobaki kwenye kitana. Hakufikiria hata mara moja kwamba kuna mtu atakiokota kile kitambaa.

"Sijui," akajibu. "Labda zake."

Mama akaivuta shali yake begani.

"Haya. Utawaambia wenzako, basi."

Akatoka. Laptopu akaiacha.

Fundi akashika simu ampigie mtu, yeyote yule. Kioo hakikumsikia. Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa kidole cha mwisho, kwa mkono wa kushoto. Hakikumsikia. Akaitupa, akakimbilia kwa mshonaji. Akamgusa bega kumsalimu, na mshonaji akaendelea kukanyaga cherehani, hakugeuka mpaka alipoitwa.

"Kulikoni? Umepauka!"

"Nimekuja kumchukua mtoto."

Akamshika binti yake mkono. Wakasimama ukingoni mwa barabara. Malori yalikuwa yanapita kwa kasi, taa zimeshawashwa.

"Baba, nishike basi."

"Nimekushika, mwanangu."

"Hujanishika."

Alikuwa amemshika mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Mtoto akauchomoa mkono wake kwa wepesi, kama hakuna aliyeuzuia, akanyoosha ule mwingine mbele, kwenye hewa tupu. Akacheka.

"Huyu dada amenishika. Ananitekenya. Ananichorea viduara kwenye kiganja."

"Nani?"

"Huyu. Vidole vyake vimepinda..."

Akashuka barabarani.

Hatua moja.

Fundi akamdaka kiuno, akamvuta kwa nguvu zote, na mtoto akazidi kwenda. Hatua ya pili. Honi ya lori ikalia.

"NI ZANGU!" Sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Nywele ni zangu! Mimi ndiye niliyeweka kile kitambaa! Dada hakuwa mchawi, nilimsingizia! Ni zangu!"

Mtoto akaanguka nyuma, kifuani kwake. Lori likapita, upepo wake ukawapiga usoni.

"Aa," binti akasema, akimminya kidole. "Sasa umenishika."

Fundi akalia. Akambusu vile viganja vidogo, akahisi joto lake, akashukuru kila aliyeweza kumshukuru. Ikamchukua muda kugundua kwamba cherehani imenyamaza.

Akageuka. Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni. Kinyozi ametoka na taulo begani. Muuza viatu alikuwepo, na wengine nyuma yao, wale wale wa siku ile. Ng'ambo ya barabara, shali nyeusi ilikuwa inatokomea gizani bila haraka.

Kinyozi akarudi ndani ya duka lake kuchukua kitu.

Waliobaki wote walikuwa wanamtazama fundi mikono.