Majina Manne ya Mama

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatatu tarehe 10 Februari 1992, kipimamvua cha shule kilikuwa kikavu kwa siku ya arobaini na tatu. Lornah alikisoma, akaandika sifuri daftarini, kisha akakimbia kuwafuata wenzake wa darasa la saba.

Walishuka bondeni, nyuma ya Asembo Bay. Ziwa lilionekana kwa mbali, lakini bonde lenyewe lilikuwa mawe, vumbi na miiba. Mwalimu Shitanda alimpa kila mwanafunzi kamba ya mita nne iliyofungwa ncha kwa ncha. Kamba ilitandazwa ikawa mraba, mimea iliyomo ikahesabiwa, na tawi moja la kila aina likabanwa kati ya magazeti. Lornah alipata aina kumi.

"Kila tawi liwe na karatasi yenye tarehe, mahali, jina la mmea na jina la mtu aliyewatajia," alisema Mwalimu Shitanda. "Mimi natoka Kakamega, sijui mimea hii mnaiitaje huku. Mtakachoandika ndicho nitakachoamini."

"Mwalimu, nikiandika kwamba huu unaitwa Shitanda?" aliuliza Dishon.

"Basi uandike na aliyekuambia, nikamtafute."

Darasa zima likacheka.

Lornah hakuwa na haja ya kwenda mbali. Mama yake, Beldina, alichunga mbuzi katika bonde hilo utotoni, naye aliijua mimea yake kama alivyowajua majirani. Lakini tangu Krismasi alikuwa mgonjwa wa kitandani. Jioni hiyo alitaja minne kwa Kijaluo: ogaka, ochuoga, othoo na ochol.

"Ogaka ni chungu," alisema akitabasamu. "Nilimpaka mdogo wangu Apiyo kidoleni ili aache kukinyonya. Alilia mpaka mbuzi wakatawanyika!" Kisha kikohozi kikamkamata. "Mengine kesho, nyathina, mwanangu."

Kesho yake kulikuwa na mazoezi ya netiboli, na Lornah alirudi jua likizama. Jumatano ikawa vivyo hivyo.

"Mama yako alikuulizia," baba yake alimwambia. "Alikaa akiegemea mto, akingoja karatasi zako. Sasa amelala."

Alhamisi Lornah aliketi na karatasi sita zisizo na majina. Kazi ilitakiwa Ijumaa. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi nusu, lakini aliona kuuliza kungemchelewesha. Akabuni majina sita, na chini ya kila moja akaandika: "Aliyetaja: Beldina, mama yangu."

"Kazi safi," Mwalimu Shitanda alisema alipozisoma. "Mshukuru sana mama."

Beldina alifariki Jumapili, tarehe 16 Februari. Alizikwa Jumamosi iliyofuata.

Siku tatu baada ya mazishi, Lornah alikwenda bondeni kutafuta kuni pamoja na Apiyo, mdogo wa mama yake. Kando ya jiwe aliona majani ya kijivu. Ulikuwa mmea wake wa saba.

"Anti, huu unaitwaje?"

"Mimi nilipelekwa Kisumu nikiwa mdogo. Haya ni mambo ya mama yako. Muulize..." Apiyo akaweka kuni chini, akaanza kulia.

Kesho yake asubuhi Lornah alisimama mbele ya meza ya mwalimu. Sanduku lenye matawi na karatasi zake lilikuwa wazi, tayari kupelekwa Nairobi kwa wataalamu wa mimea.

"Mwalimu, majina sita si ya kweli. Mama hakuyataja. Niliyabuni."

Mwalimu Shitanda aliweka kalamu chini. "Mimi nisingejua kamwe. Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu nimeandika kwamba ni yeye aliyesema."

Mwalimu akamvutia kiti.

"Sikiliza, Lornah. Jina la uongo litampoteza kila atakayelisoma, na mama yako ataonekana mwongo ilhali hayupo kujitetea. Nafasi tupu haimpotezi mtu. Inamwambia kwamba hapa kazi bado ipo. Wazee wengine tutawauliza, na huenda wakajua. Lakini alichotaka kukuambia yeye, hicho hakipatikani tena. Ukiwa na swali na mtu yupo, muulize siku hiyohiyo. Usipojua, andika kwamba hujui."

"Na yale manne?"

"Hayo alikwambia?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ogaka alinichekesha nayo."

"Basi hayo ni yake. Usiyaguse."

Lornah aliandika karatasi sita upya. Moja ikalowa machozi, akairudia. Kwenye kila moja aliandika: "Jina: halijulikani. Aliyetaja: hakuna."

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, Mwalimu Shitanda alilifunga sanduku kwa kamba. Karatasi kumi za Lornah zilikuwamo. Sita hazikuwa na jina la mmea. Nne zilikuwa nalo, na chini yake: "Aliyetaja: Beldina, mama yangu."