Gari Namba 27

"Uko wapi, mpenzi?"

"Ofisini kwa chama, napanga karatasi za kura. Leo hata muda wa kula sina."

Sauti ya Curt ilikuwa tulivu kabisa. Mimi nilikuwa nimeegesha kando ya barabara, nikitazama nyumba ya Sherifu Darlene Trudeau. Na pale uani kwake, juu ya theluji ya kwanza ya mwaka, lilikuwa limesimama gari la doria namba 27. Gari la Curt. Mlango wake wa nyuma ulibonyea siku alipogonga kulungu, nami nilikuwa nimekaa kando yake siku hiyo.

"Uko peke yako?"

"Mimi na makaratasi. Kwani vipi, Janelle?"

"Hamna kitu."

Nikakata simu.

Jumamosi ilikuwa harusi yetu. Siku mbili tu zimebaki! Na huyo Darlene, kabla hajachaguliwa kuwa Sherifu, mkuu wa polisi na jela wa kaunti yetu, aliwahi kuwa mpenzi wa Curt kwa miaka miwili. Mrembo, nywele hazimtoki mahali pake hata kwenye upepo wa ziwani. Namchukia, nasema wazi.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kumchukia. Askari wake tulikuwa mwaka wa pili bila mkataba, na kila wiki alitushikilia kazini kwa zamu za lazima. Mimi niko upande wa jela. Wiki hiyo nilikuwa nimesimama saa kumi na sita kila siku kwa siku tatu. Curt ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi, na jioni ile tulikuwa tunampigia Darlene kura ya kutokuwa na imani naye, uchaguzi ukiwa wiki tatu mbele.

Nikamwandikia rafiki yangu Tess, tunayefanya naye kazi jela:

"Shoga, Curt yuko kwa Darlene. Amejifungia humo ndani."

"Acha wivu. Umemwona yeye au umeliona gari?"

"Gari ndiyo yeye!"

"Muulize basi."

Nimuulize nini? Si nimemuuliza, akanidanganya!

Saa kumi ukumbi wa chama ulikuwa umejaa. Watu wanakula pai za nyama na viazi, wanapuliza kahawa. Curt alinitolea tabasamu kutoka mbele. Sikulirudisha.

Boyd Kessel, makamu wake, ndiye aliyeanza.

"Ndugu zangu, mimi nasema tuahirishe. Tumpe Sherifu mwezi mmoja."

"Mwezi mwingine wa zamu za lazima?" Tess akamrukia. "Njoo uzifanye wewe!"

Watu wakacheka. Curt akainua mkono.

"Tunapiga kura leo. Kuna mwenye la kusema kabla sijagawa karatasi?"

Nikasimama.

"Mimi ninalo. Mwenyekiti, leo mchana ulikuwa wapi?"

"Janelle, nimekwambia. Ofisini."

"Muongo! Gari lako lilikuwa kwa Darlene. Nimeliona kwa macho yangu, namba 27, na mlango wake uliobonyea. Unatuuza sisi huku unalala naye!"

Uso wa Curt ukawa mweupe.

Boyd hakupoteza muda.

"Mmesikia? Mchumba wake mwenyewe anasema! Mwenyekiti kanunuliwa. Kura hii haina maana tena, twendeni nyumbani."

"Janelle," Curt akasema polepole, "niko kwenye ruhusa ya kazi za chama tangu Jumatatu, siko zamuni."

"Najua! Ndiyo umepata nafasi ya kwenda kwake!"

"Ukiwa kwenye ruhusa ya chama, gari unalirudisha gereji. Ufunguo unatundikwa ubaoni, na yeyote mwenye shida ya gari analichukua. Nakuja kwa gari langu la nyumbani wiki nzima."

Sisi wa jela hatupewi magari, tunapewa milango tu. Ningelijulia wapi hilo?

Ndipo mzee Orville, anayetunza magari ya kaunti, akaweka chini pai yake.

"Namba 27? Boyd, si wewe uliyelichukua kwa saini asubuhi? Ukaniambia lako halina breki."

Vichwa vyote vikageuka.

"Nilikuwa... nilipita tu," Boyd akasema.

"Kwa Sherifu? Kufanya nini?" Curt akauliza.

"Mambo ya kazi."

"Kazi gani, Boyd?" Tess akapaza sauti. "Ya ukapteni? Maana nafasi iko wazi, na Sherifu ndiye anayeigawa!"

Boyd akaokota kofia yake.

"Kila mtu angekubali," alisema. "Msijifanye watakatifu."

Akatoka, na hakuna aliyemfuata. Curt akagawa karatasi, mkono wake ukanipita bila kunigusa. Kura ikapita, Darlene akashindwa vibaya. Watu walikumbatiana. Mimi nilimkimbilia Curt nje.

"Nisamehe. Wivu ulinipanda kichwani."

"Umenivua nguo mbele ya watu ninaofanya nao kazi."

"Najua."

"Ulinipigia simu ukiwa unaliangalia gari lile. Ungesema tu, 'Curt, naliona gari lako kwa Darlene.' Ningekujibu kwa dakika moja."

"Niliogopa jibu."

"Basi ukanihukumu." Akafungua gari lake. "Niache nifikirie, Janelle."

"Na Jumamosi?"

Akawasha gari, akaondoka.

Ijumaa nzima simu ilikaa kimya. Gauni liko mlangoni nimelitundika, nalikwepa kulitazama. Niliandika ujumbe mara tano nikaufuta. Nililia chooni kazini, nasema ukweli.

Saa tisa zamu yangu ilipoisha, nikatoka getini. Gari namba 27 lilikuwa limesimama pale pale mbele, injini inanguruma, vioo vimejaa ukungu. Nani humo? Ruhusa ya chama imekwisha, au ni mwingine kalichukua? Nusura nipite.

Nikarudi, nikagonga kioo.

"Samahani, nani anaendesha gari hili leo?"

Kioo kikashuka. Curt, macho mekundu.

"Nimelisaini mwenyewe. Huamini, kamuulize Orville."

"Naamini. Umefuata nini hapa?"

"Nina harusi kesho, na sijui kama bibi harusi anakuja. Nikaona nije nimuulize. Kuna watu huwa tunauliza."

Nikacheka huku machozi yakinitoka.

"Anakuja," nikamwambia. "Nifungulie mlango, baridi."

Akanifungulia.