Dereva wa Vigari vya Mzee Mbarak

Tope lilikuwa bichi. Aaliyah alilipitishia kidole mara ya pili ili asijidanganye, na kidole kikarudi na utelezi mweusi wenye harufu ya ziwa, ile harufu ya magugu maji yaliyoozea ufukweni. Lori lenyewe halikuzidi urefu wa kidole chake cha kati. Lilikuwa la chuma, la rangi ya udongo, limetengenezwa Uingereza kabla mama yake hajazaliwa, na lilikuwa limefungiwa ndani ya kabati la vioo tangu baba yake azikwe. Ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye.

Alilifuta magurudumu kwa kitambaa, akaliweka juu ya karatasi nyeupe, akalipiga picha. Kisha akaigeukia kompyuta na kujaza jedwali lake: aina, kipimo, rangi, mwaka, kasha lipo au halipo. Mahali pa hali ya gari aliandika, "Nzuri. Rangi imebanduka kidogo mlangoni." Habari za tope hakuziandika. Mnunuzi gani angetaka kusoma mambo ya tope?

Mzee Mbarak alikuwa fundi wa magari pale Kibuye, na nusu ya madereva wa Kisumu walipitia mikononi mwake. Lakini nyumbani Kaloleni alijulikana kwa vigari vyake. Alivikusanya kwa miaka mingi, kutoka kwa Wahindi waliokuwa wakihama, kutoka kwa mapadri waliokuwa wakistaafu, na vingine alivichomoa katika mafungu ya mitumba sokoni. Kila alasiri akitoka msikitini alivitoa kabatini kimoja kimoja, akavipangusa, akavirudisha pua zikiwa zimeelekea mlangoni. Watoto wake hawakuruhusiwa kuvigusa. Na jambo moja watu walilistaajabia: fundi yule hakuwahi kuendesha gari. Akimaliza kulitengeneza, alimpa mtu mwingine alijaribu barabarani.

Alipofariki, kaka yake Aaliyah, Usama, aliamua kwamba mama yao hawezi kukaa peke yake. Atahamia kwake Nakuru, nyumba irudishwe kwa mwenyewe, na vigari viuzwe kwa wapenzi wa vitu hivyo mtandaoni. Aaliyah alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo kimoja huko Maseno, na alikuwa likizoni. Kazi ikamwangukia yeye.

"Baba yako alisema visitoke humu ndani," mama yake, Bi Saumu, alimwambia siku ya kwanza.

"Alisema kwa nini, Mama?"

"Sikumuuliza. Mtu na vitu vyake anavyovipenda, utamuuliza nini?"

Picha zilipoingia mtandaoni, wanunuzi hawakukawia. Basi jekundu la ghorofa lilikwenda Nairobi, teksi nyeusi ikaenda Eldoret. Mnunuzi mmoja alikuja mwenyewe, Joram, mwenye duka la dawa Katito, kwenye barabara ya Kisii, mtu mwenye heshima zake na mkono wenye jasho. Aliizungusha pikapu ya bluu mbele ya macho yake kama anayekagua yai.

"Madam, hii kitu ni safi sana. Nilitaka kuiweka kwa shelfu, lakini msichana wangu, Winny, ameona picha. Sasa amesema ni yake."

"Mwache aicheze," Aaliyah akacheka. "Ni ya chuma, haivunjiki."

Mchana wa siku hiyohiyo, jua likiwa limeishika Kisumu barabara na majirani wote wamejifungia kwenye vivuli, Aaliyah alisikia magurudumu. Yalikuwa madogo, yakikwaruza sakafu ya saruji kwenye ujia ulio kati ya vyumba. Krrrr. Yakanyamaza. Krrrr. Alitoka akitazamia kumwona paka amekiangusha kigari. Hakuona paka, wala kigari. Aliona mistari miwili myembamba ya maji, sambamba, imetoka kwenye chumba cha kabati ikanyooka mpaka mlangoni kwa mama yake, ikapenya chini ya mlango.

Aliusukuma mlango. Bi Saumu alikuwa amelala chali, usingizi wa mchana, na mikono yake miwili ilikuwa juu, vidole vimekunjwa, vimeshika hewa. Mikono ilizunguka polepole kuelekea kushoto, ikatulia, ikarudi katikati. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikandamiza ubao wa kitanda.

"Anaota," Usama alisema kwenye simu. "Amefiwa na mumewe, unataka aote nini?"

"Mama hajawahi kushika usukani, Usama."

"Ndiyo maana ni ndoto. Wewe malizia kazi, mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

Aaliyah akaendelea, kwa sababu jedwali lilikuwa halijafika katikati na kwa sababu kuandika kulimtuliza. Lakini kila kifurushi kilichotoka mlangoni kiliondoka na kitu cha mama yake. Kilipoondoka kigari cha zimamoto, Bi Saumu aliacha kula. Lilipoondoka trekta, aliacha kuswali, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa sala hata akiugua malaria. Mtandio wake ukaanza kunuka petroli. Aaliyah aliufua, akauanika juani, na ulipokauka ulinuka zaidi. Alipomwosha miguu, aliona nyayo zimekuwa nyeusi kwa oili, oili iliyoingia ndani ya mistari ya ngozi kama ilivyokuwa mikononi mwa marehemu.

Jirani yao Milka, muuza dagaa wa omena, alimvuta pembeni penye ua.

"Aaliyah nyathina, mwanangu, mama yako ana nini? Leo amenipita kama hanijui."

"Amekupita wapi, Mama Milka? Ameketi barazani tangu asubuhi."

"Ndiyo hiyo nasema." Milka alishusha sauti, akatazama nyuma yake. "Alikuwa amekaa kwa kiti. Hajasimama. Lakini amenipita. Nilisikia upepo wake."

Jioni ile Aaliyah aliikuza picha moja kwenye kompyuta ili asome namba iliyo chini ya kioo cha gari. Nyuma ya kioo, mahali pa dereva, palikuwa na kitu cheusi, kidogo kama punje ya mtama, cha mviringo, chenye mabega. Alidhani ni uchafu. Alifungua picha ya pili, ya gari jingine, nacho kilikuwamo. Katika picha ya tatu kilikuwa kimegeuza kichwa.

Aliifunga kompyuta na kuapa kwamba hatauza tena. Lakini alikuwa amekwisha kuchelewa.

Kesho yake mvua ilikuja alasiri, kama zijavyo mvua za Kisumu, ikalivuta giza kutoka ziwani na kulimwaga juu ya mabati ya Kaloleni, stima ikapotea na taa zikazimika, na Aaliyah akakimbilia barazani kumwingiza mama yake ndani, akakuta kiti kitupu, akarudi ujiani akiita "Mama! Mama!" bila kuisikia sauti yake mwenyewe kwa kishindo cha mabati, na ndipo alipohisi ile harufu, petroli na mpira ulioungua na magugu maji yaliyooza, vyote kwa pamoja, vikimvuta kama kamba mpaka kwenye chumba cha kabati, ambako mama yake alikuwa ameketi sakafuni katikati ya vigari vilivyobaki, macho wazi, mikono kwenye usukani usiokuwepo, mguu ukikanyaga na kuachia, na kutoka kooni mwake, kwenye midomo isiyosogea, ukatoka mngurumo wa injini ya lori kubwa linalopanda mlima na mzigo.

Mngurumo ukakatika. Bi Saumu akageuza kichwa.

"Umeviuza viti vyangu," alisema. Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyemeza maji mengi.

Aaliyah akauliza, "Wewe ni nani?"

"Dereva." Akatulia kidogo, kama anayengoja gari lingine lipite. "Baba yako alinipa viti vingi nisikae juu yake. Alikuwa muungwana. Wewe umeviuza. Sasa nimebaki na hiki." Na mkono wa Bi Saumu ukajipiga kifuani, kishindo kikasikika kama cha bodi ya gari.

Ustadh Mukhtar aliletwa asubuhi iliyofuata, mzee mfupi, rafiki wa marehemu tangu ujanani. Alimtazama Bi Saumu akiendesha, akarudi nyuma hatua, akamwita Aaliyah ujiani.

"Nilidhani alikwisha kuwaambia," alinong'ona. "Ulipokuwa hujazaliwa, baba yako aliitwa kule ufukweni Usoma kutengeneza lori lililotolewa ziwani. Dereva wake hakuonekana, hai wala maiti. Mbarak alipanda kwenye kiti kujaribu injini, akashuka si yeye. Alizunguka mji mzima akiendesha hewa. Watu walicheka, wakadhani ni bangi."

"Alitibiwaje?"

"Alikuja mganga kutoka Kendu Bay. Akasema, huyu hataki damu wala ubani, anataka cha kupanda. Mpeni vya kupanda, ataacha kumpanda huyu. Baba yako akanunua kigari cha kwanza siku ileile." Ustadh alitikisa kichwa. "Mimi sikuupenda mkataba ule. Jini hafugwi."

"Sasa tufanye nini, Ustadh? Mama hajanywa hata maji."

"Viti vyote vilivyomo humu vivunjwe. Kisha nimsomee. Akibaki na pa kurudi, hatoki."

"Na vile vilivyouzwa?"

Ustadh Mukhtar aliutazama msahafu mkononi mwake badala ya kumtazama yeye. "Viko mbali, mwanangu. Tumuokoe aliye mbele yetu."

Usama aliwasili kutoka Nakuru adhuhuri, uso umesawijika, maana safari hii alikuwa amemsikia mama yake kwenye simu. Hakubishana na mtu. Alikwenda uani na nyundo, Aaliyah akawa anamletea vigari kwenye sinia, na kila nyundo iliposhuka, mwili wa Bi Saumu ndani uliruka, bega likagonga ukuta, shingo ikatupwa mbele na kurudi nyuma, kama abiria wa gari linalogongwa. Aaliyah alilisikia kila bega likigonga. Akilia, aliendelea kuleta sinia, mpaka kabati likabaki vioo vitupu.

Ndipo Ustadh akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya chini, bila haraka, na kadiri alivyosoma ndivyo injini kooni mwa Bi Saumu ilivyozidi kasi, gia ikabadilika, ikabadilika tena, chumba kikajaa moshi usioonekana uliowatoa machozi, Usama akamkumbatia mama yake kwa nyuma na kuhisi mtetemo ukimpanda mpaka kwenye meno, na Aaliyah akashika miguu yake iliyokuwa ya moto kama bati la adhuhuri, huku Ustadh akisoma na kusoma, jasho likidondoka juu ya kanzu yake, mpaka miguu ile miwili ikanyooka kwa ghafla, ikakanyaga, na breki zikalia. Zililia kwa muda mrefu, zikasikika mpaka kwa Milka. Kisha mikono ya Bi Saumu ikaanguka mapajani.

"Nipeni maji," alisema. Ilikuwa sauti yake.

Aaliyah alimkumbatia akalia kwa kwikwi. Usama alikaa sakafuni kama mtoto. Ustadh Mukhtar peke yake hakufurahi. Alikwenda dirishani, akatazama upande wa kusini, barabara ya Kisii.

"Ametoka," alisema. "Ameondoka kwa kasi."

Kabla ya magharibi Milka alileta uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, na Bi Saumu akanywa kikombe, akaomba kingine, akauliza kwa nini mabega yanamuuma. Nyumba ilianza kuwa nyumba tena. Usama alikuwa akimtania mama yao kuhusu baridi ya Nakuru wakati simu ya Aaliyah ilipolia juu ya meza.

Ilikuwa namba ya Joram, wa Katito.

"Usishike," Usama alisema. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Aaliyah. Mama amepona. Usishike hiyo simu."

Aaliyah alimtazama mama yake, mvuke wa uji usoni, rangi ikimrudia. Akamtazama Ustadh, na Ustadh akainamisha kichwa. Simu ililia mpaka ikakatika. Ikalia tena. Akashika.

"Madam, samahani." Joram alikuwa akinong'ona. "Ile pikapu, inatumia betri?"

"Hapana."

"Basi inatembeaje?" Alipumua. "Imezunguka nyumba tangu alasiri, mpaka ikaingia chini ya kitanda ya Winny. Sasa gari imesimama, lakini mtoto... amekaa tu, anashika hewa hivi, kama mtu wa usukani. Nikimwita hasikii. Anaita wewe. Madam, sisi hatujawahi kumwambia jina yako."

"Mpe simu," Aaliyah alisema.

Zilisikika hatua za Joram, mlango, mama mtu akisali kwa Kijaluo. Kisha mngurumo, mwembamba, wa injini isiyoweza kushika moto vizuri. Kisha sauti ya msichana mdogo, na chini yake ile nyingine, nzito, yenye maji.

"Njoo unichukue, Aaliyah. Huyu ni mdogo. Miguu haifiki."