Mbaazi za Mnada

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nuru alimpikia mdogo wake, Hashimu, uji wa muhogo. Aliukoroga, akautia sukari, akamnywesha mpaka tumbo likakaza kama ngoma. Pale kijijini Ziwani hakuna aliyeweza kusema mtoto yule analala njaa.

Hata hivyo Hashimu alikuwa ananyauka. Nywele zilipauka. Alikwishatimiza miaka miwili, lakini alishinda mkekani, nzi wakimtua usoni naye hana habari nao.

"Nuru, mnamlisha nini huyo, upepo?" Asia, rafiki yake, alimtania kisimani.

Nuru hakucheka. Kesho yake aliongeza unga. Uji ukawa mzito, mtoto akazidi kulegea. Mambo gani haya?

Shule zilipofungwa, Nuru alifuatana na Mama kumpeleka Hashimu zahanati. Nesi Rebeka alimzungushia mtoto utepe wa rangi kwenye mkono. Ulisoma njano.

"Mama Nuru, mtoto huyu ana njaa. Tukichelewa utepe utasoma nyekundu, na hapo ni kulazwa."

"Njaa?" Nuru alidakia. "Nesi, ameshiba! Mshike tumbo!"

"Tumbo limeshiba, mwili bado. Kwenye uji mnatia nini?"

"Unga wa muhogo na sukari."

"Basi? Nyumbani hamna karanga? Hamna mbaazi?"

"Karanga zipo kidogo. Mbaazi zipo gunia zima," Mama alijibu, "lakini zile ni za mnada."

Nesi aliwatazama kama watu wanaolia kiu huku wamekalia mtungi.

Njia nzima Nuru alichanganyikiwa. Mtu anashibaje na njaa anayo? Na kama dawa ya Hashimu imo ndani ya gunia, itatokaje? Baba alilishona mwenyewe kwa kamba, akasema asiliguse mtu.

Nyumbani, Mama alianza kutwanga kisamvu. Nuru alilitazama gunia, akamtazama Hashimu, akachukua kisu. Mama alimwona. Aligeuza uso, akazidi kutwanga.

Jioni Baba alirudi.

"Nani kakata kamba?"

Nuru alijitokeza. "Mimi, Baba. Nesi kasema Hashimu ana njaa."

"Njaa? Nyumbani kwangu mimi Bakari? Mnaniaibisha!"

 Mama alimwonyesha mkeka kwa kidole. Hashimu alikuwa ametumbukiza mkono kwenye bakuli la mbaazi zilizopondwa, anajipaka mpaka masikioni. Nzi mmoja akatua bakulini. Hashimu akampiga kofi.

Baba alikaa chini taratibu.

"Sielewi," alisema. "Nalima chakula, nakiuza, halafu naenda dukani kununua sukari. Nani alinifunza hivi?"

Tangu siku hiyo uji ulitiwa karanga za kutwanga, na kisamvu kilichoiva vizuri hakikukosa mbaazi pembeni. Mara mojamoja walipata dagaa wa pwani ya Msimbati. Miezi michache baadaye utepe ulisoma kijani, na Hashimu alimpiga nesi teke kwa kuchoshwa na kupimwapimwa.

Msimu uliofuata Baba alijaza magunia mawili, akamwita Nuru aje kushona.

"Hili la mnada, hili la jikoni. Anza na la jikoni," alisema. "Kuuza si kosa, mwanangu. Kosa ni kuuza nguvu za watoto wako, ukawabakishia cha kujaza tumbo tu. Mkulima atenge kwanza sahani ya nyumbani kwake."