Jibini Iliyobaki Juu ya Moto

Soko la Nyakasanza lilikuwa limefurika siku Ephraïm, fundi wa simu kutoka Butembo, alipogonga ndoo ya msichana mwenye kitenge cha kijani. Maji ya maziwa yakamlowesha viatu.

"Pardon, dada. Ni maji tu."

"Maji tu?" Félicité alimpima kwa macho. "Ile njo natokoshaka tena, inatoka fromage ya pili. Onja."

Kipande cha jibini kilikuwa laini, kitamu kwa mbali. Tangu hapo akawa hakauki pale sokoni.

"Unapendaka fromage, ao unapendaka muuzaji?" Félicité alimtania kwenye simu.

"Yote mbili, chérie. Lakini fromage haikatalaki."

Siku alipoalikwa nyumbani, Ephraïm alivaa shati jeupe, akaleta samaki wa moshi wa Tchomia. Félicité alikuwa jikoni. Ephraïm akamega samaki wake, akashushia maziwa. Mgeni hakujua: kwa wafugaji kama wao, samaki na maziwa havikutani tumboni; vikikutana, ng'ombe hufa. Mama Adeline, mama yake Félicité, akaondoa kibuyu cha maziwa.

Wiki ileile, redio ikihubiri amani, watu wenye silaha walivamia malisho njia ya Kpandroma. Waliua ng'ombe wote, pamoja na Antoine, kaka yake Félicité aliyewachunga.

"Félicité, pole sana..." Ephraïm alisema kwenye simu.

"Usiniite tena. Mama anasema ni ile samaki yako."

"Na weye, unasema nini?"

Simu ikakatika. Ephraïm aliumia, lakini hakumlaumu. Aliyefiwa hutafuta wa kumbebesha msiba.

Mvua zilipoisha alisikia kwamba Félicité sasa anauza makaa. Akachukua jibini ya mwisho aliyonunua kwake, aliyoitundika juu ya moto wa jikoni ikauke kama alivyomfundisha, akaenda kubisha hodi.

Mama Adeline aliinusa muda mrefu. Machozi yakamtoka.

"Hii ni maziwa ya ng'ombe zetu. Antoine njo alikamua." Kisha akasema taratibu, "Samaki haikushika panga, mutoto yangu. Nilikuonea."

Akaikatia yote ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Félicité akaketi karibu na Ephraïm, bega likagusa bega.

"Nikuoe," Ephraïm alinong'ona. "Nitatafuta ng'ombe ya mahari."

"Tutaichunga wapi?"

Mama Adeline akamsogezea Ephraïm sahani.

"Kula, mukwe. Ingine haiko."